Mbio za Mita 18

Medali za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka sasa ni mbili tu, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Filbert Bayi alishika nafasi ya pili katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Kabla ya hapo, mwaka 1974, Bayi huyo huyo aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch. Tunajivunia mashujaa hawa. Lakini sifa yao imetuachia mazoea yasiyofaa: walimu wengi wa michezo, wafundishe mchezo wo wote ule, huona kazi imetimia wakiisha kuwazungusha vijana uwanjani mpaka wakachoka.

Mazoea hayo huwadhulumu hasa wasichana wanaojifunza softiboli. Katika mchezo huo besi moja iko mbali na nyingine kwa futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mtupaji. Hapana nafasi ya kujikusanya: hatua tano au sita za kwanza ndizo huamua kama atafika au atatolewa. Methali husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika softiboli ukingo ndio shabaha yenyewe.

Wako watakaotuambia kuwa mtoto wa Uluguru hana haja ya kufundishwa mbio, kwa kuwa amekua akipanda na kushuka milima na mkungu wa ndizi kichwani. Tunaiheshimu nguvu hiyo, lakini kustahimili ni jambo moja na kasi ni jambo jingine. Aliyezoea mwendo mrefu wa polepole hajafundishwa kuondoka ghafla.

Hata hivyo mlima unaweza kuwa mwalimu mwema. Hatusemi wasichana wapelekwe kwenye miinuko mikali ya Lupanga. Mteremko wa wastani chini ya milima, upande wa Bigwa au Kigurunyembe, unatosha. Anayekimbia kupanda hulazimika kuinama mbele, kuinua magoti na kuusukuma udongo nyuma kwa nguvu, na hivyo ndivyo mwanzo wa mbio utakavyo. Baada ya kupasha mwili moto, na akimbie mita 18 kwa nguvu zake zote, ashuke kwa miguu, apumzike dakika mbili, kisha arudie. Mara nane zatosha, siku mbili kwa juma. Mwendo ukianza kupungua, mwalimu na asimamishe zoezi, maana anayekimbia akiwa hoi hujifunza kukimbia polepole. Baadaye wahamie uwanja tambarare, wajifunze kuipita besi ya kwanza bila kupunguza mwendo, na kusimama sawasawa juu ya besi ya pili na ya tatu.

Kazi hii haihitaji fedha za kigeni. Yahitaji kamba ya kupimia, saa, na mwalimu mwenye subira. Twawasihi walimu, wazazi na wafanyakazi wenye vilabu vya michezo mkoani Morogoro walitazame jambo hili upya. Msichana anayezungushwa uwanjani mara 20, kisha akaambiwa kuwa ni mzito na aketi pembeni, amehukumiwa kwa somo ambalo hakufundishwa. Na afundishwe kwanza, ndipo apimwe.