Sayansi ya Siasa si Somo la Kuomba Kura

Miongoni mwa masomo ya chuo kikuu yanayodhaniwa vibaya ni sayansi ya siasa, kwa kuwa wazazi wengi, wa Majengo mjini Mpanda kama wa kwingineko nchini, hudhani kwamba anayeisomea anaandaliwa kupanda jukwaani na kuomba kura. Dhana hiyo yafaa iondolewe kabla kijana hajajaza fomu za maombi ya chuo. Sayansi ya siasa ni taaluma inayochunguza jinsi mamlaka yanavyopatikana, yanavyogawanywa na yanavyowekewa mipaka. Yaani nani anaamua, kwa haki gani, na nani atawajibika uamuzi ukileta madhara.

Ushahidi wa tofauti hiyo umo katika Mkoa wa Katavi wenyewe, uliko mji wa Mpanda. Mizengo Pinda, mzaliwa wa huko aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2008 hadi 2015, alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala hakuhitaji shahada ya siasa ili aongoze serikali. Basi anayetafuta ubunge tu asipoteze miaka mitatu darasani kwa ajili hiyo.

Anayetaka kuelewa utawala, hata hivyo, atakuta maswali mazito ya taaluma hii mkoani humo humo. Katika makazi ya Katumba na Mishamo waliishi kwa miongo kadhaa watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakalima, wakazaa na kujukuu, hadi Tanzania ilipoamua kuwapa uraia, wao pamoja na wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora, jumla yao ikizidi watu 160,000. Uraia, kwa maana ya kitaaluma, ni uhusiano wa haki na wajibu kati ya mtu na dola, na cheti ni mwanzo wake tu. Kwani mtu aliyezoea kuongozwa na mkuu wa makazi aliyeteuliwa na serikali hana budi kujifunza kuchagua viongozi wake, kuwahoji na hata kuwakataa. Vivyo hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini inaizuia kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa nini basi kizuizi hicho hufanya kazi katika kijiji kimoja na kushindwa katika kingine? Swali hili halijibiwi kwa kusoma sheria peke yake, bali kwa kuchunguza nani anahudhuria mkutano, nani anaogopa kusema na nani anafaidika. Huo ndio uchunguzi anaofundishwa mwanafunzi wa siasa, na mkoa umepungukiwa nao.

Ama kuhusu njia za maisha, shahada hii imewafikisha watu mbali. Rwekaza Mukandala, profesa wa siasa, alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwesiga Baregu alikuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Na Bashiru Ally alitoka kufundisha siasa akawa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi mwaka 2018, kisha Katibu Mkuu Kiongozi mwaka 2021. Wengine huingia katika utawala wa halmashauri, ubalozi, utafiti, mashirika ya kiraia na uandishi wa habari.

Hata hivyo, ni kumdanganya kijana kumwambia kwamba ajira inamngoja mlangoni. Shahada hii haina kazi moja iliyotengwa kwa ajili yake, kama ualimu au uuguzi, na asiyeongeza ujuzi mwingine atahangaika. Ajifunze takwimu mpaka aweze kusoma bajeti ya halmashauri bila kusaidiwa, na ajifunze Kifaransa, kwa kuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkabala wa bandari ya Karema, ni Kongo.

Wazazi wa Majengo, msimzuie mtoto aliyechagua somo hili kwa akili timamu. Nanyi vijana, kabla ya kujaza fomu, hudhurieni mkutano wa mtaa wenu, ombeni taarifa ya mapato na matumizi, mkaone kama mambo hayo yanawagusa. Yasipowagusa, someni kitu kingine.