Chuma ndani ya gando: kwa nini maharage pekee hayajaongeza damu ya watoto wa Rwanda

Ukitoka Hospitali ya Kibagabaga, wilayani Gasabo, na kuelekea soko la Kimironko, hutakosa kukutana na magunia ya maharage: mekundu, ya njano, yenye madoa. Ndicho kitoweo cha kila siku cha kaya nyingi za Kigali, na kwa hesabu ya kwenye karatasi ni chakula chenye madini mengi ya chuma. Hata hivyo, Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2019/20 ulibaini kuwa watoto 37 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 nchini Rwanda wana upungufu wa damu. Miaka mitano kabla ya hapo kiwango kilikuwa karibu hichohicho, ilhali udumavu ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 38 hadi 33, na upungufu wa damu kwa wanawake kutoka asilimia 19 hadi 13.

Malaria, minyoo na maambukizi mengine yana mchango wake, na si kila upungufu wa damu hutokana na ukosefu wa chuma. Lakini sehemu moja ya jibu imo ndani ya punje yenyewe ya haragwe, na haizungumzwi inavyostahili.

Mwaka 1920 wanakemia wawili wa Uingereza, Morgan na Drew, walitafuta jina la aina fulani ya molekuli wakachukua neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Jina hilo, kelati, linaeleza vizuri kinachotokea. Ioni ya chuma imepungukiwa elektroni. Molekuli yenye atomi za oksijeni au naitrojeni zilizo na jozi za elektroni za ziada huweza kuikaribia ioni hiyo na kuishika kwa pande kadhaa kwa wakati mmoja, ikaizunguka kama pete. Mkono mmoja ukilegea, mingine bado imeshika. Ndiyo maana kifungo cha kelati ni kigumu kukatika kuliko cha molekuli inayoshika kwa mkono mmoja tu.

Maharage, mahindi na nafaka nyinginezo huhifadhi fosforasi yao katika umbo la asidi ya fitiki, molekuli yenye vikundi sita vya fosfeti. Mmea unaihitaji ili mbegu iote. Ndani ya utumbo wa binadamu, vikundi hivyo hukamata chuma na kutengeneza mchanganyiko usioyeyuka, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuuvunja. Chuma kimeliwa, kimehesabiwa, kisha kimetoka kama kilivyoingia.

Rwanda inalifahamu jambo hili kuliko nchi nyingi, kwa sababu limepimwa kwa wananchi wake. Tangu mwaka 2010 wakulima wamekuwa wakipewa mbegu za maharage yaliyozalishwa yawe na chuma kingi zaidi. Wanasayansi walipofuatilia chuma hicho katika miili ya wanawake wa Rwanda, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba ingawa maharage mapya yalizidi ya kawaida kwa chuma kwa zaidi ya nusu, kiasi kilichofyonzwa kiliongezeka kwa takriban asilimia 19 tu. Walipoondoa asidi ya fitiki, faida ilipanda. Si kwamba mradi ulishindwa: jaribio jingine la miezi minne, kwa wanawake vijana waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, lilionyesha damu yao ikiimarika. Ila mbegu bora imeongeza chuma bila kulegeza gando.

Cha kustaajabisha ni kwamba dawa ya gando ni gando jingine. EDTA, kelati iliyotengenezwa viwandani kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, hukishika chuma kwa pointi sita. Katika asidi ya tumbo hukishika kwa nguvu, hivyo fitiki haikipati. Kikifika utumbo mwembamba, ambako asidi hupungua, hukiachia kifyonzwe. Huko Marafa, karibu na Malindi nchini Kenya, watoto 516 walipewa uji wa mahindi yasiyokobolewa kwa miezi mitano, na matokeo yakatangazwa mwaka 2007. Unga uliotiwa chuma chenye EDTA ulipunguza sana upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma. Unga uliotiwa kiasi kilekile cha chuma cha unga wa kawaida, bila EDTA, haukuleta nafuu. Miligramu zilikuwa sawa; tofauti ilikuwa ni nani aliyezishika.

Viwango vya Afrika Mashariki vya unga wa mahindi na ngano ulioongezwa virutubisho vinaitambua kampaundi hiyo. Tatizo ni kwamba haragwe, kiazi na muhogo havipiti kiwandani, na mahindi mengi husagwa kwenye vinu vya mtaani. Kwa watoto wachanga kuna tahadhari pia: EDTA yote anayokula mtu haipaswi kuzidi takriban miligramu 1.9 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mtoto mdogo hufikia kikomo hicho haraka. Kwa hiyo kutangaza miligramu za chuma zilizomo kwenye pakiti bila kusema ni chuma cha aina gani ni kumpa mzazi nusu ya habari.

Nusu nyingine iko jikoni. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji hupunguza fitiki kiasi, na huokoa makaa, jambo ambalo mpishi wa Kigali hahitaji kuelezwa. Kuchachusha uji wa mtama huamsha vimeng'enya vinavyoivunja fitiki. Limau au nyanya katika mlo hukiweka chuma katika hali ya kuyeyuka.

Na chai? Hapa wasomaji wetu wa Biryogo na Nyamirambo watatuwia radhi, kwani maharage na chapati bila chai ni kifungua kinywa pungufu. Lakini tanini za majani ya chai nazo hukamata chuma, na kikombe kinachonywewa pamoja na chakula huweza kukata ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Kikisubiri saa moja baada ya mlo, madhara hupungua. Hali ni hiyohiyo kwa vidonge vya chuma ambavyo wajawazito hupewa kliniki: vimezwe kwa maji.