Ngozi Kavu ya Kipupwe ni Kazi ya Zahanati

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapolala juu ya mabonde ya Lushoto hadi jua linapopanda, na wakazi wa Magamba, Lukozi na Mtae wanapotembea wamejitanda mablanketi, ngozi ya mtu wa milima ya Usambara huingia katika msimu wake mgumu. Miguu hupauka, midomo hupasuka, visigino hufanya magaga, na watoto hujikuna usiku hadi damu ikatoka. Hayo hutokea kila mwaka, na kwa sababu hutokea kila mwaka yamezoeleka. Anayeyataja mbele ya tabibu huonekana kama aliyekuja kulalamikia urembo. Huambiwa, "Jipake mafuta tu," kisha huitwa mgonjwa mwingine.

Hoja ya makala haya ni kwamba ngozi kavu ya kipupwe ni suala la afya, na kwamba zahanati ndiyo mahali pake. Tusipolishughulikia hapo kwa kopo la mafuta na maelezo ya dakika tatu, mgonjwa hataacha kutafuta nafuu. Ataitafuta dukani, na huko mara nyingi atauziwa krimu yenye steroidi kali.

Wapo watakaouliza: mlima wenye ukungu na umande unawezaje kukausha ngozi? Jibu limo katika hewa yenyewe. Mji wa Lushoto upo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji kadhaa vipo juu zaidi. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Kwa nyuzi 10 za selisiasi, hewa iliyojaa unyevu kabisa hubeba gramu 9 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Kwa nyuzi 25 ingeweza kubeba gramu 23. Hewa hiyo ya ukungu inapoingia ndani na kupashwa na moto wa kuni, kiasi chake cha maji hubaki kilekile lakini uwezo wake wa kubeba huongezeka zaidi ya mara mbili. Huwa hewa yenye kiu, na maji yaliyo karibu nayo ni yale ya ngozi ya aliyeketi kando ya moto.

Ngozi nayo ina kinga yake. Tabaka la juu kabisa, ambalo katika sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi, hufanana na ukuta wa matofali: chembe zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo kati yake ndiyo udongo unaoyashikilia. Udongo huo ukiondolewa, maji hutoka ndani, na vumbi, sabuni na vijidudu huingia. Kinachouondoa tunakifahamu sote. Ni kuoga maji ya moto sana kwa muda mrefu ili kuukimbia ubaridi. Ni kujisugua kwa dodoki au jiwe. Ni kutumia sabuni ya kipande, ambayo kipimo chake cha pH huwa 9 hadi 10, ilhali cha ngozi ni takriban 5. Ni kuosha karoti, viazi na kabichi kwa maji baridi tangu alfajiri, mikono ikilowa na kukauka mara kadhaa kabla mzigo haujashushwa kwenda Mombo.

Kwa kijana mwenye afya, matokeo yake ni adha. Kwa wengine ni zaidi ya hapo. Ngozi ya mzee hutoa mafuta machache, na miundi yake inaweza kupasuka mfano wa tope la bwawa lililokauka, ikawasha, ikakwaruzwa na kufanya ukurutu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi hukosa usingizi, na mama yake hukosa pamoja naye. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hausikii mpasuko wa kisigino, na mpasuko huo unaweza kuwa mwanzo wa kidonda kinachoishia katika kukatwa mguu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa huyu, ufa wenyewe upo kisiginoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa mafuta si tiba. Katika huduma za ukoma tumefundisha kwa miongo mingi kwamba mgonjwa aliyepoteza hisia aloweke miguu katika maji, asugue taratibu sehemu ngumu, kisha apake mafuta miguu ikiwa bado na unyevu. Hatukuliita jambo hilo urembo. Tuliliita kuzuia ulemavu. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa hospitali moja mjini Dhaka, Bangladesh, ulioonesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 41 wa kupata maambukizi ya hospitalini kuliko wasiopakwa. Hao walikuwa watoto wachanga mno waliokuwa chini ya uangalizi, na matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwa kila mtu. Hata hivyo yanatufundisha kuwa kinga ya ngozi ni kinga ya mwili. Aidha, krimu ya urea ya asilimia 5 na 10 imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tuitazame sasa njia anayoipita mgonjwa tuliyempuuza. Anakwenda dukani na kueleza kuwa ngozi inawasha na imepauka. Anauziwa bomba dogo la krimu iliyochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, au krimu ya clobetasol peke yake. Siku ya tatu muwasho umetulia na ngozi imelainika. Anaamini amepona. Akiacha, muwasho unarudi, kwa kuwa ukavu haukutibiwa. Basi ananunua bomba jingine. Clobetasol ni miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kubwa kabisa, na mwongozo wake ni kutoitumia zaidi ya wiki mbili mfululizo wala kuzidisha gramu 50 kwa wiki. Asiyeambiwa hayo huitumia msimu mzima, pengine usoni, pengine kwa mtoto mchanga. Ngozi huwa nyembamba, hufanya michirizi na chunusi, fangasi hujificha na kusambaa, na kwa mtoto dawa inaweza kuingia mwilini na kudhoofisha tezi zinazotengeneza homoni zake. Wengine huona rangi yao imeng'aa, na kutoka hapo safari ya kuelekea kwenye mkorogo ni fupi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini marufuku haitoshi iwapo tatizo lililompeleka mtu dukani limeachwa bila jibu.

Naifahamu hoja ya wenzangu wa zahanati. Wanasema mgonjwa aliyetembea saa mbili mlimani hakubali kurudi na ushauri wa kupaka mafuta, anataka dawa. Ni kweli. Lakini mgonjwa hukataa ushauri uliotolewa kama njia ya kumfukuza. Akiguswa ngozi yake, akaelezwa kwa nini imepasuka, na akaoneshwa namna ya kupaka, huondoka na kitu. Wanasema pia kuwa bajeti haitoshi. Nami nauliza: je, inatosha kwa vidonda vya kisukari? Kopo la mafuta ya mgando lipo katika kila duka la kijijini. Kinachokosekana ni maelekezo, na hayo hayahitaji bohari.

Maelekezo yenyewe ni machache. Oga mara moja kwa siku kwa maji ya vuguvugu, usizidishe dakika 10. Sabuni itumike kwapani, kinenani, miguuni na palipochafuka. Miundi na mikono ya mzee haihitaji kusuguliwa kwa sabuni kila siku. Jikaushe kwa kugusagusa kwa taulo, kisha, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta ndani ya dakika chache. Mafuta hayo hayaongezi maji katika ngozi, huyafungia yaliyomo. Anayepaka juu ya ngozi iliyokauka kabisa amefunga mlango baada ya mgeni kuondoka. Rudia kabla ya kulala, hasa visiginoni, na vaa soksi. Mwenye kisukari asipake katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu wa hapo hulea fangasi. Anayeosha mboga apake mikono kabla na baada ya kazi.

Mafuta gani? Ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Ya nazi, yanayopanda huku kutoka pwani ya Tanga, nayo ni mazuri. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2004 uliyaona kuwa salama na yenye manufaa kwa ngozi kavu. Yakiganda ndani ya chupa wakati wa kipupwe hayajaharibika: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huyeyuka yakishikwa kiganjani. Kiasi nacho kizingatiwe. Kupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja huhitaji gramu 30 hivi, hivyo bomba la gramu 15 ni kumdhihaki mgonjwa.

Kuna onyo moja ambalo katika milima hii halina budi kutolewa kila mara. Mafuta hupenya katika nguo na mablanketi, na kitambaa chenye mafuta kikishika moto huwaka upesi zaidi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu hatari hiyo. Kwa hiyo aliyejipaka asiinamie jiko wala kulala karibu na makaa, na khanga na mablanketi yafuliwe mara kwa mara, ingawa kufua hakuondoi mafuta yote. Kukaa karibu mno na moto kwa miezi kadhaa kuna madhara mengine pia: huacha miundini madoa meusi yenye umbo la wavu.

Kumwambia mgonjwa apake mafuta hakumwondolei tabibu wajibu wa kumchunguza. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole na kiunoni, na unaowapata watu kadhaa wa nyumba moja, ni upele hadi ithibitike vinginevyo, na nyumba nzima itibiwe. Usambara ni nchi ya usubi tangu zamani. Muwasho wa muda mrefu wenye vinundu chini ya ngozi usipuuzwe. Baka lisilo na hisia lipimwe ukoma. Ukavu uliomwingia mtu ghafla pamoja na uchovu na kusikia baridi kupita wenzake unaweza kutoka katika tezi ya koromeo. Kiu na kukojoa mara kwa mara vinaelekeza katika kisukari. Kumbuka pia kwamba vitabu vingi vya tiba vimeuchora ukurutu kwa wekundu wa ngozi nyeupe. Katika ngozi zetu ukurutu huonekana kama rangi ya majivu, zambarau au weusi uliozidi, na mkono wa tabibu huugundua mapema kuliko jicho lake.

Hatuanzi kutoka patupu. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na Moshi si mbali na Lushoto. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya jamii duniani. Azimio la Geneva, hata hivyo, halitapanda kona za barabara ya Soni lenyewe; litabebwa na muuguzi, tabibu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza kipupwe kijacho. Kila mwezi Mei, kabla ubaridi haujaingia, zahanati na vituo vya afya vya Lushoto na Bumbuli viweke somo la ngozi katika kliniki za mama na mtoto, za kisukari na za wazee, na kopo moja la mafuta liwe mezani kwa ajili ya kuonesha. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waelekezwe kumpa mwenye ngozi kavu mafuta kwanza, na kumrudisha zahanati asipopata nafuu baada ya wiki mbili; steroidi kali zisitoke bila cheti. Nawe, mgonjwa, usione haya kuutaja ukavu wa ngozi yako mbele ya tabibu. Vua soksi umwoneshe kisigino, na usiondoke kabla hajakitazama.