Ikikataa, Bonyeza Nyingine

Mpwa wangu yuko darasa la pili na ana nyota elfu tatu mia nne. Najua kwa sababu hunitangazia kila Jumamosi nikienda kwao, kabla hata hajaniamkia. Nyota zimo kwenye tableti aliyonunuliwa na mama yake, dada yangu, pamoja na mchezo wa hisabati unaolipiwa kila mwezi.

Siku moja nilikaa pembeni yake nimtazame akicheza. Swali: 7 + 8. Mapovu matatu yakapanda kwenye skrini: 13, 16, 15. Akagusa la kwanza, likalia bwii. Akagusa la pili, bwii. Akagusa la tatu, nyota zikamwagika na sauti ya kike ikamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtoto wa ajabu. Sekunde mbili hazikutimia. Nilipomwuliza saba na nane zinafikaje kumi na tano, alinitazama kwa huruma.

"Anko, usihesabu. Bonyeza tu. Ikikataa, bonyeza nyingine."

Tafadhali msimwite mvivu. Ameshapiga hesabu ngumu kuliko ile aliyoulizwa: majibu ni matatu, kukosea ni bure, kufikiri kunachelewesha nyota. Mchezo umemfundisha jambo na amelielewa barabara.

Jioni ile alitumwa kwa Mangi na noti ya elfu moja, alete maandazi matatu ya mia mbili mia mbili. Akarudi na sarafu tatu za mia. Nikamwuliza kama chenji imetimia. Hakuangalia sarafu, aliangalia uso wangu. "Ndiyo." Uso haukubadilika. "Hapana." Alikuwa anasubiri niwake rangi ya kijani.

Kosa la mtoto ni mali. Anayejibu 16 huenda alirudia kuhesabu kidole kimoja, au alichanganya alama, mwalimu anayeuliza "umefikaje hapo?" atajua pa kuanzia. Mchezo ule hauulizi. Unalia bwii na kusonga mbele, kisha mwisho wa wiki unamtumia mzazi mchoro unaopanda kama mlima. Dada yangu huuweka mchoro huo kwenye status.

Sasa niungame. Ninasoma shahada ya uzamili katika elimu, lakini mikono yangu si safi. Nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza nilipata kibarua cha kutafsiri mchezo wa aina hii kwa Kiswahili. Nililipwa kwa neno. "Kazi nzuri!" niliiandika mara nyingi mno, ingawa sijawahi kusikia bibi yeyote akimsifu mjukuu kwa maneno hayo. Hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa somo la saa.

Picha ilionyesha jua linachomoza, mtoto anakunywa maziwa, mshale mfupi uko kwenye 7. Kiingereza kilisema ni saa ya saba. Niliwaandikia kwamba kwetu hiyo ni saa moja asubuhi. Siku yetu inaanza kuhesabiwa kwa jua, na mtoto lazima afundishwe kwamba mshale unaonyesha 7 ilhali kinywa kinasema moja. Hilo peke yake ni somo zuri la hisabati, la kuongeza na kutoa sita. Jibu lilikuwa la adabu: michoro imeshakamilika, tafsiri kama ilivyo. Nikaandika "Ni saa saba." Nikalipwa. Kuna watoto mahali fulani walioelezwa kwamba jua huchomoza saa saba, na aliyewaeleza ni mimi.

Najua nitatajiwa Tanga, na ni haki nitajiwe. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa mwaka 2014, yalipeleka tableti kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Walikaa nazo miezi 15, na wakajifunza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha kuheshimika. Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana dola milioni 10. Silibishii hilo hata chembe. Ila tazama yaliyokuwemo: programu ilikuwa ya Kiswahili, msimbo wake ulitakiwa uachwe wazi kwa yeyote autumie, na mtoto alipewa tableti pale ambapo mbadala wake ulikuwa hakuna kitu. Sisi wa mjini tumechukua sifa za Tanga tukazibandika kwenye bidhaa ya Kiingereza, ya kulipia, kwa mtoto mwenye shule, mwenye mama, mwenye Mangi hatua ishirini kutoka mlangoni.

Na Kiingereza hapa si pambo tu. Saba ukiipa tatu kutoka kwenye nane inakuwa kumi, zinabaki tano: kumi na tano. Jibu limejitaja lenyewe. "Fifteen" halimwambii mtoto wa Temeke kitu chochote kuhusu kumi. Tunalipia kumfichia alichonacho mdomoni. (Ishirini na thelathini hazina uwazi huo, nakubali. Zilitufikia kwa jahazi.)

Sichukii michezo. Nimekulia pembeni ya bao la babu: mashimo 32, kete 64. Ukichota kete tano lazima ujue ya mwisho itaangukia wapi, na kama shimo lile lina kete, safari inaendelea kwa hesabu mpya. Usipohesabu unaliwa, wazee wanacheka. Pale hesabu ndiyo mchezo wenyewe. Kwenye mapovu hesabu ni kizuizi cha barabarani, unatoa chochote upite uendelee na starehe. Hata Seymour Papert, aliyeipenda kompyuta kuliko wengi wetu, alilalamika katika Mindstorms mwaka 1980 kwamba tunaiacha kompyuta impange mtoto, badala ya mtoto kuipanga kompyuta. Miaka imepita zaidi ya arobaini, na tumeongeza nyota.

Dada aliniuliza, "Kwa hiyo niifute?" Nikamwambia asifute, aache kulipa, na kila jioni amtume mtoto dukani na noti, akirudi amwulize amefikaje kwenye chenji hiyo. Akanijibu kwamba yeye hufika nyumbani saa mbili usiku, amechoka, na ile tableti ndiyo inayokaa na mwanawe. Sikuwa na la kumjibu. Mimi huja Jumamosi tu.

Wiki iliyopita wale wa kibarua wameniandikia tena. Wana sehemu mpya, ya pesa. Wamenitumia michoro: sarafu za senti, tufaha, duka lenye mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Wanauliza naweza kuanza lini. Malipo yameongezeka kidogo, na ada ya muhula huu bado sijamaliza. Barua pepe yao bado haijajibiwa.