Kuanguka, Kupona, Kurudi



Kijana wetu wa Babati anapoumia mazoezini, awe wa sarakasi au wa riadha, hakosekani mtu wa kumtajia John Stephen Akhwari, jirani yetu wa Mbulu. Mwaka 1968, huko Mexico City, Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho.

Twamsifu kwa haki. Lakini goti lake tusiligeuze fimbo ya kumchapia mtoto anayechechemea. Akhwari alikuwa mtu mzima, akajichagulia maumivu yake. Mtoto mifupa yake ingali inakua, naye huficha uchungu ili asituvunje moyo.

Tena twasahau sehemu ya pili. Akhwari alipona, na mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni.

Basi, wazazi na walimu wa michezo, mtoto na arudi hatua kwa hatua: kwanza atembee bila maumivu, kisha akimbie polepole, ndipo aruke. Tusimwulize, “Utashindana lini?” Tumwulize, “Bado panauma?” Na akijibu, tumwamini.

Jumapili njema.