Uchovu wa Mkimbiaji: Asidi Yasingiziwa

Wapo walimu ambao hadi leo huwafundisha wanafunzi kwamba maumivu ya misuli, yampatayo mkimbiaji wa marathoni kesho yake baada ya mazoezi ya kilometa 30, husababishwa na asidi ya laktiki. Fundisho hilo lafaa liachwe. Asidi hiyo huondoka misulini katika muda wa saa moja hivi. Maumivu hufikia kilele baina ya saa 24 na 72, kwa kuwa nyuzi za misuli zimepata michaniko midogo midogo. Tena akiba ya wanga misulini, yaani glaikojeni, huwa imepungua mno, na kuirejesha huchukua takriban siku nzima ya kula ugali, wali au viazi. Kumlazimisha kijana akimbie tena kwa kasi, ati "aitoe asidi", ni kumwumiza bure. Na ale, anywe maji kwa kadiri ya kiu, alale.