Mwaka Si Kipimo cha Wimbo

Mwisho wa Desemba iliyopita mjukuu wangu alinijia barazani na karatasi mkononi. Baada ya kuniamkia na kuuliza hali ya goti langu, aliiweka juu ya meza na kunitaka niisome. Alikuwa ameorodhesha albamu 10 alizozipenda kuliko zote mwaka huo, akianzia ya kumi na kumalizia na ya kwanza, na mbele ya kila moja ameweka alama: nane, nane na nusu, tisa. "Babu," akasema, "na wewe sasa andika zako."

Mtu aliyesahihisha karatasi kwa zaidi ya miaka 30 haachi tabia hiyo kwa kustaafu. Niliisoma orodha ile kalamu ikiwa mkononi. Sita zilitoka Marekani na Uingereza, mbili Naijeria, moja Afrika Kusini. Ya nyumbani ilikuwa moja tu, nayo imekaa mkiani. Nikashangaa, kwa sababu chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na najua anachosikiliza: nyimbo za Kiswahili, asubuhi hadi usiku wa manane. Nikamwuliza, je, hizo unazonikosesha usingizi nazo ziko wapi humu? Akajibu bila kufikiri, "Babu, hapa kwetu watu wanatoa wimbo mmoja mmoja. Albamu ni chache."

Msomaji wangu, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike sura hii. Kijana anapenda muziki wa kwao, anaucheza, anaukariri. Lakini siku ya kuhesabu vilivyo bora anaona aibu kuuhesabu, kwa kuwa haukuja katika umbo linalotakiwa na fomu. Ni kama mwalimu anayemnyima mtoto alama kwa sababu ameandika jibu sahihi kwenye daftari lisilo na mistari.

Na tuiulize kwanza hiyo fomu imetoka wapi. Albamu ni mtoto wa kiwanda. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu iliyozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yenye uwezo wa kubeba dakika 20 na ushee kila upande. Wanamuziki wa huko wakajifunza kuijaza nafasi hiyo, kama fundi cherehani anavyokata nguo kwa kadiri ya kitambaa alichopewa. Mwaka 1971 gazeti la Village Voice la New York likapigisha kura ya albamu bora za mwaka, na kuanzia 1974 kura hiyo ikawa ya kila mwaka. Wenyewe wana haki ya kufanya hivyo, maana kitambaa ni chao na mshono ni wao. Wala sidhani ni bahati tu kwamba orodha za namna hiyo hutoka wakati maduka yamejaa bidhaa za Krismasi.

Sisi kitambaa chetu kilikuwa kingine. Nilikulia Morogoro, mji uliogawanyika katikati kwa sababu ya bendi mbili. Huku mashabiki wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kule mashabiki wa Morogoro Jazz. Ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana wiki nzima. Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965 nilikuwa na umri wa miaka 15, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuona wanaume wazima wakimlilia mtu ambaye hawakuwa na undugu naye. Kisha akapanda Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, na mwaka 1970 Morogoro Jazz ikavuka bahari hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Tulitembea vifua mbele kana kwamba sote tulipanda ndege ile.

Bendi hizo ziliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Wimbo ulitungwa, ukafanyiwa mazoezi mchana, ukajaribiwa ukumbini usiku. Watu wakikaa vitini, ulirudishwa jikoni. Ulipoiva, bendi ilikwenda studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wote wakapiga kwa pamoja, na mkanda ukawekwa kwenye rafu. Kuanzia hapo wimbo ulikuwa mali ya hewa. Haukuwa na jalada wala picha, na msikilizaji wa Mahenge au Kigoma hakujua ulirekodiwa mwezi gani, wala hakujali. Aliujua kwa sauti ya mwimbaji na kwa jina la bendi lililotajwa na mtangazaji.

Wimbo ulipobahatika kuingia kwenye santuri, mara nyingi ilikuwa santuri ndogo iliyotengenezwa Nairobi. Dansi letu lina sehemu mbili: kwanza maneno, taratibu, kisa kikisimuliwa; halafu chemko, magitaa yanapokimbizana na miguu haina tena hiari. Santuri ndogo ilibeba dakika tatu, nne zikibanwa. Basi wimbo ulikatwa kiunoni, nusu upande huu, nusu upande ule. Nakumbuka tulivyokuwa tukiirukia gramafoni kuigeuza kabla ya joto kushuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa "albamu" yetu: wimbo mmoja, pande mbili, na kijana mmoja aliyepewa kazi ya kugeuza. Halafu mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na hata njia hiyo ya Nairobi ikaingia mashaka.

Sasa turudi kwenye huo mwaka wa kalenda. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979. Baada ya kifo chake, nyimbo zake zilikusanywa Nairobi kwenye mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho. Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978 na ambayo nyimbo zake za miaka ya 1980 zilitufundisha nusu ya tunayoyajua kuhusu ndoa na mawifi, ilitolewa albamu yake iitwayo Sikinde na Africassette ya Marekani mwaka 1994. Na yule Salum Abdallah tuliyemlilia mwaka 1965? Nyimbo zake za kati ya 1955 na 1965 zilikusanywa kwenye albamu Ngoma Iko Huku na kampuni ya Dizim ya Ujerumani mwaka 2000, miaka 35 baada ya mwenyewe kulala kaburini.

Basi ninyi waweka orodha, nijibuni. Ngoma Iko Huku ni albamu ya mwaka gani? Mkisema 2000, mmemfanya marehemu ashindane na watoto ambao wazazi wao hawajaonana alipokuwa akiimba. Mkisema 1965, haikuwapo. Mkisema iwekwe pembeni, kwenye kifungu cha "za zamani", mmefanya lile linalofanywa kwa wazee kwenye harusi: wanapewa viti vya mbele na hakuna anayezungumza nao.

Na msidhani haya ni ya marehemu tu. Remmy Ongala alipofika kwenye studio za Uingereza alitoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992, na hizo zinahesabika duniani kwa sababu zina jalada na tarehe. Marijani Rajabu, aliyefariki Machi 1995, ndiye aliyetupa Zuwena, wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye daladala kondakta hupunguza kelele zake mwenyewe. Mtu anayejua muziki hatasema mmoja kati ya wawili hao alikuwa mwanamuziki na mwingine hakuwa. Tofauti ya vitabuni ni kwamba mmoja alipita mlango wa albamu na mwenzake alibaki kwenye mikanda ya redio na kanda za mitaani. Nao vijana wa leo wa bongo fleva, wanaotoa wimbo mmoja leo na mwingine mwezi ujao, wamerudi palepale tulipokuwa sisi. Orodha ya mjukuu wangu imewafungia nje watu wa rika lake mwenyewe.

Mimi ninaijua orodha. Nimebandika matokeo kwenye mbao za matangazo tangu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimewaona wanachuo wakisukumana kutafuta majina yao, na wa kwanza akibebwa juu. Halafu nikaenda kuwakagua walimu hao hao vijijini miaka mitano baadaye. Yule wa kwanza mara nyingine nilimkuta ameshahamia ofisini. Wa 43 nilimkuta chini ya mwembe, watoto 90 wamemtulia, kila mmoja akijua kusoma. Ubao wangu haukusema uongo. Ulipima kitu kimoja, siku moja, na sisi tukakichukua kuwa ndiyo kila kitu.

Mjukuu wangu hakukaa kimya, nami sikumlea akae kimya. Alisema, "Babu, nyimbo zinazotoka kwa mwaka hazihesabiki. Bila orodha nitajuaje nianzie wapi? Na huyo Salum Abdallah wako, mimi nilimjua kwenye orodha." Hapo aliniweza. Ni kweli, orodha ni kibao cha njia panda, na msafiri hakitukani kibao. Sina ugomvi na kuchagua, asiyechagua hapendi. Ugomvi wangu uko na maneno mawili, "albamu" na "mwaka". Lakini aliongeza jambo la tatu, kwa upole, akidhani ananifariji: "Halafu babu, hizo za zamani zilishakuwa na mwaka wao."

Nilinyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Chuo chetu kilikuwa na mkufunzi wa muziki, mtu mpole mwenye kikohozi, aliyewaagiza wanachuo wakienda likizo warekodi nyimbo za kwao kwa redio kaseti ya chuo. Walirudi na nyimbo za kutwanga, za kupalilia mpunga, za jando, za kubembeleza watoto, kutoka Ulanga, Kondoa, Newala, Ukerewe. Alizipanga ndani ya sanduku la chaki, kanda 31, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Kisha ukaja waraka kwamba mihadhara ya semina ya mtaala mpya irekodiwe isambazwe. Kanda tupu hazikupatikana madukani. Nikaamuru zitumike zile. Mkufunzi alikuja ofisini kwangu akasimama, hakutaka kukaa. "Mkuu, baadhi ya hawa wazee wameshafariki." Nikamjibu, na ninaandika neno kwa neno kwa sababu sijalisahau, "Mwalimu, wanachuo wapya huja kila mwaka na nyimbo zao. Hizi zilishakuwa na mwaka wao."

Nilitia sahihi. Mihadhara ikarekodiwa juu ya sauti za wazee. Baada ya miaka michache mtaala ukabadilika tena na mihadhara ikawa haina kazi. Mkufunzi yule hakunilaumu hata siku moja. Alihamishwa, akastaafu, akafariki. Sijui kulia kwa maandishi, kwa hiyo nasema tu: nilifuta, na nilifuta kwa kuamini kwamba kipya hulipa deni la cha zamani. Hakilipi. Hiyo ndiyo sababu orodha ya mtoto inanipandisha hasira za mtu mzima.

Kwa hiyo sitaandika albamu bora za mwaka. Nilimwandikia mjukuu wangu nyimbo tano zilizokaa nami mwaka huo: mmoja wa Salum Abdallah, Shida wa Mbaraka, Zuwena, mmoja wa Mlimani Park, na mmoja anaoupiga yeye nyuma ya ukuta, ambao nilipinga kuupenda kwa miezi mitatu, nikashindwa. Sikuzipa alama. Na nikamwekea masharti matatu, ambayo nakupa na wewe msomaji.

Kwanza, orodha yako iwe ya ulichokisikiliza mwaka huu, hata kama kiliimbwa kabla hujazaliwa. Kalenda ni kipimo cha kodi na ada za shule. Wimbo hauna tarehe ya kuharibika kama dawa. Pili, mbele ya kila wimbo, badala ya nane na nusu, andika mtunzi, mwimbaji, bendi na mahali uliporekodiwa. Alama inatueleza habari zako. Majina yanatueleza habari za wimbo, na wenye kazi hiyo wengi wamekufa bila kutajwa. Tatu, kila mwaka nenda kwa mzee mmoja ukamrekodi wimbo mmoja, na useme jina lake, kijiji na siku kabla hajaanza. Simu iliyo mfukoni mwako ina nafasi kuliko kanda zangu zote 31, na hakuna mkuu wa chuo wa kukuamuru uifute.

Alisoma, akauliza kama anaweza kuanza na mimi. Nikamwambia mimi sijui kuimba, aende kwa bibi yake. Jumapili iliyopita niliwasikia wawili hao jikoni. Bibi alikuwa anakosea mstari wa pili na kuanza upya, na kila alipoanza upya mjukuu alirudia kutaja jina lake, kijiji na siku.